Okestra isiyo Maquis: uzoefu wangu na Synthesis ya Evanescence

Nilimwambia jamaa ninayekaa naye ofisini kwamba wiki nzima nimekuwa na albamu ya okestra masikioni. Uso ukamng'aa. "Maquis au Safari Sound?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba hapa Dar neno okestra lina wenyewe, zile bendi za dansi za zamani. Okestra ni magitaa matatu yanayosemezana, tarumbeta, saksafoni, na mwimbaji mwenye leso mkononi anayefuta jasho huku akikutazama kana kwamba wewe ndiye uliyemwacha. Sikinde ni okestra, hata jina lao kamili linasema hivyo. Ikabidi nimweleze kwamba hii ya kwangu ni ile nyingine, ya watu waliokaa kwenye viti wamebana fidla kidevuni, na mmoja mbele yao anapunga kijiti. Uso ukazima. "Aa. Muziki wa maombolezo ya kitaifa," akasema, akarudi kwenye kompyuta yake.

Hajakosea sana, lakini nitafika huko.

Albamu yenyewe inaitwa Synthesis, ya bendi ya Evanescence, na ilitoka tarehe 10 Novemba 2017. Nimechelewa, najua. Kuchelewa kwangu kuna kisa chake, na bila kisa hicho maoni yangu hayatakuwa na kichwa wala miguu.

Kwa asiyewajua, hii ni bendi ya rock kutoka Little Rock, jimbo la Arkansas, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1995 na Amy Lee, mwimbaji na mpiga piano, pamoja na Ben Moody, mpiga gitaa. Mwaka 2003 wakatoa Fallen, albamu iliyouza mamilioni ya nakala na kuwapa tuzo 2 za Grammy mwaka uliofuata. Moody aliondoka mwaka huohuo wa 2003, ziara ya Ulaya ikiwa katikati. Amy akabaki na jina la bendi na piano yake. Zikafuata albamu mbili, ya 2006 na ya 2011, halafu kimya. Amy akapata mtoto, akatoa hadi albamu ya nyimbo za watoto, na sisi wengine tukaota mvi. Miaka 6 ikapita ndipo wakarudi na hii.

Sasa, ukirudi baada ya miaka 6, watu wanategemea nyimbo mpya. Wao walichukua zao za zamani, wakapunguza magitaa mpaka karibu yaishe, wakampa David Campbell aziandikie upya kwa ajili ya okestra. Campbell ndiye aliyewapangia fidla tangu enzi za Fallen, kwa hiyo hakuwa mgeni. Nyimbo mpya kamili ni 2 tu, Hi-Lo na Imperfection. Vingine vipya ni vipande vya kuunganishia. Kwa lugha ya kwetu, hizi ni zilipendwa zilizovishwa kanzu.

Mwaka 2004 nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni ya wavulana. Mwenzetu mmoja alirudi likizo na CD ya kuchoma, juu yake imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito "EVANESENS". Tulikuwa tunaipiga kwenye chumba cha kompyuta, zile kompyuta zilizofunikwa vitambaa kama maiti, kila mwalimu wa zamu alipokwenda kunywa chai. Wimbo wetu ulikuwa Bring Me to Life. Una sauti mbili. Kuna ya Amy, halafu kuna mwanaume anayeingia kwa kelele kama mtu anayegombana na mlango uliofungwa. Swahiba wangu wa dawati, tuliyemwita Chiriku, alikuwa mwanakwaya na sauti yake ilikuwa bado haijavunjika sawasawa, kwa hiyo Amy akawa wake. Mimi nikabakiwa na yule mwanaume. Sikuwa na hiari, sauti yangu tayari ilikuwa ya debe.

Maneno nilikuwa nayakisia, nusu Kiingereza nusu makelele. Lakini nilikuwa najua pa kuingia. Chiriku alikuwa ananyoosha kidole hewani, kinashuka, nami naingia. Tuliimba bwenini, tuliimba kwenye foleni ya uji, tuliimba tukifua. Nusura tuimbe kwenye mahafali, mwalimu wa nidhamu akasema hataki mapepo jukwaani.

Mwaka 2017, miezi michache kabla ya albamu, wakatanguliza Bring Me to Life ya okestra. Niliipata nikiwa kwenye daladala ya Tabata, nimekaa dirishani. Piano ikaanza ileile. Fidla zikapanda. Nikakaa vizuri kitini, nikavuta pumzi, nikasubiri pa kuingia.

Hapakuwa na pa kuingia. Wamemtoa yule mwanaume! Mahali pake pamejaa fidla. Wimbo ukaisha bado nimeshika pumzi. Niliufuta palepale, na albamu ilipotoka sikuigusa.

Baadaye nikaja kujua habari kamili. Yule mwanaume ni Paul McCoy wa bendi ya 12 Stones, na hakuwahi kuwa mwanachama wa Evanescence. Kampuni ya kurekodi ndiyo iliyoshikilia kwamba lazima iwepo sauti ya kiume, kwa imani kwamba redio hazitapiga wimbo wa rock wa msichana na piano yake. Amy hakuitaka sehemu ile tangu mwanzo. Kwa hiyo toleo la 2017 ndilo linalokaribia alichokuwa anakitaka akiwa na miaka 21. Na mimi miaka yote ile nilikuwa naimba kitu ambacho mwenye wimbo alishinikizwa kukikubali. Ni kama kugundua kwamba ile harusi uliyochekesha ukumbi mzima, maharusi wenyewe walikuwa wameomba usialikwe.

Aliyenirudisha ni Chiriku. Siku hizi yuko Mwanza. Usiku mmoja akanitumia ujumbe: "Acha kinyongo. Sikiliza Lacrymosa. Ila usisikilize kwenye spika ya simu."

Hapo inaingia habari ya hedifoni. Zangu ni za waya, shilingi elfu tano, za meza ya barabarani Kariakoo. Sikio la kushoto linasikika ukiukunja waya karibu na plagi na kuufunga na mpira wa kufungia hela, mpira ukilegea linakufa. Nilisikiliza albamu nzima mara ya kwanza kwenye mwendokasi, kutoka Kimara hadi Kivukoni, nimesimama, begi limebanwa kifuani, sikio la kushoto limekufa na sina mkono wa kulifufua. Albamu ikanifikia nzito, ya giza, kama kusikiliza kikao cha ukoo kutoka chumba cha pili. Nikasema basi, ndivyo walivyoipanga. Tena bando likaisha wimbo wa mwisho ukiwa katikati. Sikuhuzunika.

Kumbe nilikuwa nasikiliza nusu ya wafanyakazi. Okestra kwa kawaida hukaa kwa mpangilio. Ukiwatazama kutoka ukumbini, fidla za kwanza ziko kushoto, chelo (zile fidla kubwa za kupigiwa magotini) na besi kubwa mara nyingi ziko kulia, na rekodi nyingi hujaribu kuutunza mpangilio huo. Mwenye sikio moja anapewa nusu ya ukumbi. Usiku ule nikaazima hedifoni kubwa za mke wangu, anazofanyia mikutano ya kazini, nikazima taa, nikaanza upya. Albamu ikawa nyingine kabisa. Kwa hiyo kabla hujaisema vibaya, kagua waya.

Lacrymosa ni kweli, Chiriku hakunidanganya. Wimbo huu ulikuwa kwenye albamu yao ya 2006, na umejengwa juu ya Lacrimosa ya Mozart, kutoka misa ya wafu aliyokuwa anaiandika alipofariki Desemba 1791. Kipande hicho hakukimaliza. Kifupi cha mwanzo tu ndicho kilichoandikwa kwa mkono wake, mengine yakakamilishwa na wengine. Kwenye toleo la 2006 magitaa yalikuwa yanamkalia Mozart mabegani. Hapa wamemshusha mzigo. Fidla ziko nyumbani kwao, wanakwaya wako nyumbani kwao, na sauti ya Amy inapita katikati yao kama mtu anayeijua njia gizani. Nimeurudia wimbo huu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Kama ni maombolezo ya kitaifa, basi taifa hilo limebahatika.

Never Go Back nao umenishika. Ulizaliwa kutokana na tsunami ya Japani ya Machi 2011. Toleo la zamani lilikuwa na hasira. Hili lina maji. Fidla zinapanda, zinajikusanya, zinarudi nyuma, halafu zinakuja zote kwa pamoja. Mtu wa pwani hahitaji maelezo. Desemba 2004 bahari ilifanya mambo yake mpaka hapa kwetu, na wapo waliokuwa wanaogelea Dar siku ile ambao hawakurudi nyumbani.

Sasa Bring Me to Life. Nimejitahidi kuwa mwadilifu. Aya za mwanzo ni nzuri kuliko za zamani, kwa sababu unamsikia mwanamke wa miaka 35 akiimba alichokiandika akiwa binti, na anajua sasa alikuwa anasema nini. Lakini kiitikio kimekosa kofi. Gitaa la umeme lenye sauti ya kukwaruza linakupiga papo hapo, kidole kikigusa waya umeshachapwa. Fidla inapigwa kwa upinde, upinde lazima uanze kusugua ndipo sauti ipande. Chelo kumi zikiingia pamoja zinakusukuma kwa nguvu sana, ila hazikuchapi. Kwenye nyimbo za huzuni hilo halina tatizo. Kwenye wimbo ambao kazi yake ni kuamsha mtu, nahisi wamemwamsha kwa kumpapasa bega.

My Immortal haujabadilika sana, tangu mwanzo ulikuwa wimbo wa piano. Ni mzuri, unaujua, tuendelee.

Kuelekea mwisho wa albamu panalegea. Lithium, Lost in Paradise na Your Star, mmojammoja ni nyimbo nzuri, lakini ukizisikiliza zikifuatana zote zinatembea kwa mwendo mmoja kama msafara wa viongozi, na mara mbili nimesinzia. Kuna pia midundo ya kompyuta chini ya okestra, kwa sababu Synthesis kwao ina maana ya kuchanganya ala za kweli na za umeme. Mahali pengine inakubali. Mahali pengine ni kama jenereta linalonguruma nyuma ya ukumbi wa harusi. Unalizoea, halafu ghafla unalisikia tena.

Mtihani mkubwa ulikuwa kwa mama. Mama yangu ni mtu wa Unguja aliyeletwa Magomeni na ndoa, na katika kichwa chake muziki ni taarab, kwingine kote ni makelele. Marehemu mjomba wake alikuwa mpiga fidla. Anaijua Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa 1905, kama watu wengine wanavyoijua Simba au Yanga. Nilikwenda Jumapili, umeme umekatika, nikamkuta barazani anachagua mchele kwenye ungo. Shikamoo, marahaba, umekula, bado, basi kaa. Nikaweka kispika changu cha chaji juu ya kigoda, nikaanzisha albamu toka mwanzo.

Inafunguliwa na kipande kifupi kisicho na mwimbaji. Mama hakuinua kichwa. "Hiyo bashrafu."

Jamani. Miezi yote nimekisikia kipande hicho bila kukipa jina. Ni bashrafu kweli. Klabu za Unguja hufungua shughuli hivyohivyo, ala peke yake, kabla mwimbaji hajasimama, ili watu wakae, wanyamaze, waache mambo ya nyumbani.

"Mbona fupi lakini?" akasema. "Watu hata hawajakaa."

Amy akaanza kuimba. Mama akausikiliza wimbo wa kwanza, vidole vinatembea kwenye mchele, kokoto inatupwa uani. "Huyu mtoto ana sauti. Ila hao wapigaji wanamfunika tu, mwanangu. Hawamjibu."

Nikamuuliza kumjibu vipi. Akaniangalia kama niliyeuliza chumvi ni nini. Kwenye taarab, mwimbaji akimaliza ubeti fidla inayapokea yale aliyoyasema na kuyarudia kwa njia yake, ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, nayo inatia neno, halafu ndipo mwimbaji anarudi. Ni mazungumzo. Hawa, kwa maoni ya mama, wamesimama nyuma ya mwimbaji kama wapambe, wamependeza, hawana la kusema. Na tangu aseme hivyo siwezi kuacha kulisikia. Ndilo pengo kubwa la albamu hii. Watu wengi vile wenye ala zote zile, na kwenye nyimbo nyingi kazi waliyopewa ni kuwa wingu.

Isipokuwa Hi-Lo. Humo amealikwa Lindsey Stirling, mpiga fidla wa Kimarekani, na fidla yake imepewa nafasi ya kuzungumza yenyewe. Ilipoingia, vidole vya mama vilisimama kwenye ungo. "Ee. Huyo sasa anajibu." Akafungua fundo la kanga, akatoa noti ya elfu moja, akaipepea mara mbili hewani, akaiweka juu ya kispika. Alimtunza! Spika ya Kichina, barazani Magomeni. Wimbo ulipoisha akaichukua noti yake, akaifunga tena kwenye fundo.

Imperfection, wimbo wa kufungia, sikumpigia. Unazungumza na mtu anayetaka kuyakatisha maisha yake, kwa sauti ya yule atakayebaki. Ni wimbo bora wa albamu nzima, na ndio pekee ambao midundo ya kompyuta na okestra vinahitajiana kweli. Kama una mtu uliyempoteza kwa njia hiyo, usiusikilize ukiwa kwenye gari la umma. Mimi niliteremka kituo kimoja kabla ya changu.

Waliizungusha albamu hii jukwaani mwaka 2017 na 2018, na katika miji mingi walikofika walitumia wapigaji wa palepale. Nimeliwaza sana hilo. Wangekuja huku, wangewapata wapi? Nadhani wangevuka na boti hadi Unguja, kwenye chuo cha muziki cha nchi za jahazi pale Mji Mkongwe, ambako vijana wanafundishwa fidla, udi na ganuni tangu 2002. Halafu tungeona kama Amy angeweza kuimba huku anajibiwa. Na tafadhali, mtu asinitajie kwamba Freddie Mercury alizaliwa huko. Tunajua.

Ninaipa 7 kati ya 10. Mwenye kiu ya magitaa aende Fallen, humu atatoka na njaa. Mwenye masikio ya taarab aanze na Hi-Lo, halafu Lacrymosa, ndipo aamue. Ukiisikiliza yote ni kama saa nzima, na inataka usiku na hedifoni nzima.

Jambo moja la mwisho kuhusu Bring Me to Life. Nilipoisikiliza kwa masikio yote mawili niligundua kwamba zile nafasi za kiitikio, pale yule mwanaume alipokuwa anaingia, hazijazibwa kabisa. Amy anasema lake, ananyamaza kidogo, fidla zinapita, anarudi. Mlango uko wazi. Juzi usiku nikavaa hedifoni za mke wangu, nikawasha kinasa sauti cha simu, nikavuta pumzi nikiwa na miaka yangu hii, nikaingia kwa sauti ileile ya debe.

Mke wangu akaita kutoka sebuleni, "Baba Nasra, unaumwa?"

Nikaituma Mwanza kama ilivyo, pamoja na swali la mke wangu ndani yake. Chiriku alinijibu asubuhi, sauti ya sekunde 4, nyuma yake pikipiki zinapita.

"Umewahi kuingia, ndugu yangu. Rudia."